Kugeuza chumba cha chini ya nyumba kuwa sebule ya burudani yenye kaunta: Morogoro, anza na maji ya mlima

Nyumba nyingi zilizojengwa mguuni mwa milima ya Uluguru zina chumba kimoja ambacho hakikuwa kwenye mipango ya mwenye nyumba. Kiwanja kina mteremko, msingi wa upande wa bondeni ukapanda hadi kimo cha mtu, na badala ya kujaza kifusi fundi akaacha uwazi na kuweka mlango. Kikawa stoo ya magunia ya mkaa, baiskeli mbovu na mifuko ya saruji iliyoganda.

Leo chumba hichohicho ndicho watu wanataka kiwe sehemu ya kula bata nyumbani: skrini kubwa ya kuangalia mpira, spika, makochi, friji ya vinywaji na kaunta yenye viti virefu.

Inawezekana, na kikitengenezwa vizuri ndicho chumba chenye ubaridi kuliko vyote ndani ya nyumba. Tatizo ni mpangilio wa kazi. Wengi wanaanza na kaunta na taa za rangi. Masika ikifika, ukuta unatoa jasho, rangi inavimba, spika zinaota ukungu, na hela yote inakuwa imepotea.

Haya ndiyo mambo ya kujua kabla hujamwita fundi, kwa mpangilio wake.

Chumba cha chini ni kipi hasa

Kwa nyumba za Bigwa, Kilakala, Boma, Mlimani au Luhungo, zile zinazopakana na mteremko, chumba cha chini mara nyingi si shimo lililochimbwa. Ni nafasi iliyo nusu ardhini: upande wa mlimani ukuta wake umeegemea udongo, upande wa bondeni uko wazi, una mlango na pengine madirisha. Mafundi wengine wanakiita besmenti, wengine andagraundi.

Tofauti hii ni muhimu. Upande wa wazi unakupa hewa, mwanga, njia ya kutokea na mteremko wa kutolea maji machafu. Ukuta wa upande wa mlimani ndio wenye kazi kubwa: unazuia udongo, na mvua ikinyesha unazuia maji pia.

Maji yakisimama nyuma ya ukuta kwa kina cha mita 2, sehemu ya chini ya ukuta inasukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa tani 2 kwa kila mita moja ya mraba. Ukuta wa tofali za block za inchi 6 usio na nondo haukujengwa kwa mzigo huo. Ndiyo maana nyufa za ukuta wa mlimani, hasa za kulala zinazofuata mstari wa tofali, au ukuta uliotokeza tumbo kuelekea ndani, ni dalili za hatari. Usizifunike kwa plasta. Mwite mhandisi wa majengo aliyesajiliwa azitazame kwanza.

Usichimbe chini ya nyumba iliyosimama

Kuna wanaotaka kuongeza urefu wa dari kwa kuchimba sakafu chini zaidi, au kupanua chumba kwa kula udongo ulio chini ya nyumba. Hapa ndipo kazi ya burudani inapogeuka msiba.

Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Taarifa za siku zile zilitaja kazi ya kuchimba na kupanua sehemu ya chini ya jengo. Nyumba ya kuishi ya Morogoro ni ndogo kuliko jengo la Kariakoo, lakini kanuni ni moja: msingi unasimama juu ya udongo, na ukiondoa udongo wa pembeni au wa chini yake, msingi hauna pa kukanyaga.

Uluguru nayo ina historia yake. Februari 1970 mvua kubwa ya saa chache ilinyesha Mgeta, upande wa magharibi wa milima, na kusababisha maporomoko ya udongo zaidi ya 1,000. Udongo wa mteremko unaweza kutulia miaka mingi, kisha ukalainika kwa siku moja. Ukiukata kwa wima nyuma ya nyumba bila ukuta wa kuuzuia, unaongeza uwezekano huo kwenye kiwanja chako mwenyewe.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: tumia nafasi iliyopo. Kama dari iko chini ya mita 2.4 kutoka sakafuni, chumba kitabana lakini kinaweza kufaa kwa kukaa. Kama ni lazima ushushe sakafu, hiyo ni kazi ya mhandisi mwenye michoro na mahesabu, inayofanywa kipande kwa kipande, na si kazi ya vijana wawili wenye sululu wikiendi.

Pima maji kabla ya kununua chochote

Morogoro ina misimu miwili ya mvua: vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, na masika, kuanzia Machi hadi Mei. Chumba kilichokaguliwa Agosti kitaonekana kikavu hata kama kinavuja vibaya. Mtu makini anakiangalia katika masika moja nzima kabla ya kutoa hela.

Ondoa vitu vyote, fagia, kisha fanya kipimo hiki rahisi. Chukua kipande cha nailoni angavu cha nusu mita kwa nusu mita, kitandaze sakafuni na kifunge pembe zote kwa selotepu pana. Bandika kingine kwenye ukuta wa mlimani. Viache siku mbili.

Ukikuta matone chini ya nailoni, upande unaogusa sakafu au ukuta, unyevu unatoka ardhini. Ukikuta matone juu yake, upande wa chumbani, unyevu ni wa hewa na tatizo lako ni ukosefu wa upepo. Tiba za hali hizi mbili ni tofauti, na ndipo wengi wanapopigwa hela kwa kuuziwa dawa isiyo ya ugonjwa wao.

Dalili nyingine ni unga mweupe unaotoka ukutani kama chumvi. Huo unaonyesha kuwa maji yanapita ndani ya tofali, yanakauka na kuacha madini. Ukifuta utarudi, mpaka njia ya maji ikatwe.

Maji yanazuiwa nje, si ndani

Fundi anaweza kukwambia paka dawa ya kuzuia maji ukutani, halafu piga rangi. Kwa ndani peke yake, dawa hiyo inasukumwa na maji kutoka nyuma na mwisho inabanduka. Kazi ya kweli iko nje, na inaanza na vitu vya bei nafuu.

*Mapaa.* Mvua ya milimita 50 juu ya paa la mita za mraba 120 ni lita 6,000 za maji, yaani matenki sita ya lita 1,000. Kama nyumba haina gata, maji hayo yanaanguka miguuni mwa ukuta. Weka gata, na mabomba yake yapeleke maji kwenye tenki au bondeni, mbali na msingi.

*Mtaro wa juu.* Upande wa mlimani, mita kadhaa nyuma ya nyumba, chimba mtaro unaokata maji yanayoteremka na kuyazungusha pembeni. Usiyaelekeze kwa jirani wa chini. Mbali na ugomvi, maji hayo yanaweza kuangusha ukuta wake.

*Vitu vizito na vya maji.* Tenki la lita 5,000 likijaa lina tani 5. Usiliweke juu ya udongo unaoegemea ukuta wa chumba cha chini. Shimo la choo au karo lililoko upande wa juu nalo likaguliwe, maana unyevu wenye harufu hautibiki kwa rangi.

*Bomba la kukusanya maji.* Kama bado maji yanakuja, unachimbwa mfereji kando ya ukuta wa mlimani kwa vipande vifupi, bila kushuka chini ya kitako cha msingi. Ukuta wa nje unasafishwa, unapigwa plasta yenye dawa ya kuzuia maji na kupakwa lami. Chini linalazwa bomba lenye matundu la inchi 4, likizungukwa na kokoto na kitambaa cha kuchuja udongo. Bomba lishuke angalau sentimita 1 kwa kila mita, na mwisho wake utokeze upande wa bondeni mahali unapoweza kuuona. Mvua ikinyesha na bomba likitoa maji, ujue linafanya kazi.

Baada ya hapo ndipo sakafu ya ndani inapofuata. Kama jamvi la zamani halikuwekewa nailoni chini, unaweza kutandika nailoni nzito juu yake, ikipanda kidogo ukutani, kisha zege jembamba na marumaru. Dawa ya mchwa iwekwe kabla ya zege, si baada ya kaunta kuliwa.

Vibali: mapema kuliko unavyodhani

Kupaka rangi na kuingiza makochi hakuhitaji kibali. Lakini kazi inayogusa kuta, msingi, kufungua madirisha mapya au kubadili matumizi ya jengo inapitia halmashauri, ambako wataalamu wa mipango miji na ujenzi wa Manispaa ya Morogoro wanapitia michoro. Uliza ofisini kabla ya kubomoa. Ukisimamishwa katikati, chumba kinabaki wazi na mvua haisubiri.

Walio karibu na mito inayoshuka kutoka mlimani, kama Morogoro, Kikundi na Bigwa, wakumbuke kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Chumba cha chini kilichoko huko kina tatizo la sheria na la mafuriko kwa pamoja.

Hewa na njia ya kutokea

Watu kumi ndani ya chumba kimoja, wakiongea, wakicheza na kunywa, wanatoa joto na mvuke mwingi. Chumba kilicho nusu ardhini hakipati upepo wa pande zote. Kama madirisha yote yako upande mmoja, weka feni ya kutolea hewa upande wa pili, juu karibu na dari, na bomba lake litoke nje kabisa.

Kiyoyozi kinapoza hewa na kupunguza unyevu, lakini vingi vya ukutani vinazungusha hewa ileile. Hakichukui nafasi ya dirisha.

Mambo matatu hayaingii kwenye chumba hiki kamwe:

- *Jiko la mkaa.* Nyama ichomwe nje. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na inayoua watu wakidhani wanapata usingizi tu.
- *Jenereta.* Sababu ni hiyohiyo. Hata mlangoni si salama. Ikae nje, mbali na madirisha.
- *Mtungi wa gesi ya kupikia.* Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka na kulala sakafuni, na chumba cha chini kinakuwa bakuli lake. Cheche moja ya swichi inatosha.

Kisha fikiria moto. Madirisha ya nyumba zetu yana nondo za kuzuia wezi, na mlango huwa mmoja. Acha angalau dirisha moja lenye grili inayofunguka kwa ndani bila kutafuta ufunguo, na liwe la kutosha mtu mzima kupita. Mlango ufunguke kuelekea nje. Weka mtungi wa kuzimia moto karibu na mlango, si nyuma ya kaunta. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Umeme: usivute waya kutoka sebuleni

Chumba cha burudani kina friji, spika, skrini, taa, feni na pengine kiyoyozi. Kuvuta soketi moja kutoka juu na kuijazia ekstenshen ni mwanzo wa moto. Chumba kipewe laini zake kutoka kwenye kisanduku kikuu, kila moja na breka yake: taa peke yake, soketi peke yake, kiyoyozi peke yake.

Kwa kawaida taa zinatumia waya wa milimita za mraba 1.5 na soketi 2.5. Kiyoyozi kinapimwa kulingana na ukubwa wake. Kwa kuwa chumba kina unyevu na sinki, omba pia ile breka inayokata umeme haraka mtu anapopigwa shoti, yenye kipimo cha miliampea 30. Ethi ipimwe. Kazi hii apewe fundi mwenye leseni ya EWURA, na si yeyote anayejua kuunga waya.

Soketi za upande wa mlimani zipande juu, angalau nusu mita kutoka sakafuni. Maji yakiingia siku moja, hautakuwa na sentimita nyingi za kucheza nazo.

Piga hesabu ya uniti mapema. Kiyoyozi kinachokula wati 1,000 kikiwaka saa 5 kinatumia uniti 5. Ukikiwasha siku 8 kwa mwezi ni uniti 40. Friji ya vinywaji yenye mlango wa kioo ikitumia uniti 2 kwa siku ni uniti 60 kwa mwezi. Jumla ni uniti 100 kabla hujawasha taa. Aliyekuwa kwenye daraja la matumizi madogo la TANESCO, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, atatolewa humo, na bei ya uniti kwa nyumba nzima itapanda. Friji ya kawaida ya nyumbani inatosha kwa watu wengi, na inakula kidogo.

Kaunta: vipimo vinavyofanya kazi

Kaunta nzuri ni suala la sentimita. Ikiwa juu sana mabega yanachoka, ikiwa chini sana magoti yanagonga.

- Urefu wa kaunta kutoka sakafuni: sentimita 105 hadi 110.
- Kiti kirefu: sentimita 75 hadi 80, ili mapaja yapate nafasi.
- Upana kwa kila mtu: sentimita 60. Kaunta ya mita 2.4 ni ya watu wanne.
- Ubao wa juu utokeze mbele sentimita 25 hadi 30, magoti yaingie.
- Nafasi ya anayehudumia nyuma ya kaunta: sentimita 90. Kumbuka mlango wa friji unahitaji nafasi ya kufunguka.
- Pa kuegesha miguu: bomba la chuma sentimita 20 kutoka sakafuni.

Mwili wa kaunta ujengwe kwa tofali na kupigwa marumaru, au kwa fremu ya chuma. Mbao za kuunga zilizobanwa kwa gundi zinavimba zikigusa unyevu wa sakafu, kwa hiyo zisishuke hadi chini. Acha hatua ya tofali ya sentimita 10.

Ubao wa juu ndio unaobeba sura ya kaunta, na mkoa wa Morogoro hauna njaa ya mbao nzuri. Mitiki inapandwa Mtibwa na katika bonde la Kilombero, ni ngumu na inavumilia unyevu. Mninga ni mzuri pia, ila bei yake si ya kitoto. Nunua mbao iliyokauka vizuri na yenye risiti na vibali vya misitu. Mbao mbichi ikiingia chumbani itajipinda miezi michache baadaye, na mbao isiyo na karatasi inaweza kukamatwa njiani ukiwa umeshalipa.

Sinki ni dogo lakini linaokoa kupanda ngazi kila dakika. Bomba la maji machafu lishuke sentimita 2.5 kwa kila mita kuelekea chemba. Kama chemba iko upande wa bondeni, chini ya sakafu yako, kazi ni rahisi. Kama iko juu, utahitaji pampu, na hapo ni nafuu kuachana na sinki na kutumia beseni.

Kabati la pombe kali liwe na kufuli. Nyumba ina watoto, na chumba cha chini ndicho kilicho mbali zaidi na macho ya wazazi.

Skrini, makochi na meza ya pool

Skrini ya inchi 55 inatazamwa vizuri ukikaa mita 2 hadi 3 kutoka ilipo. Katikati yake iwe kama mita 1.1 kutoka sakafuni, usawa wa macho ya aliyekaa. Ukiipandisha karibu na dari kama ya baa, shingo zitauma kabla ya mapumziko. Walioko kwenye viti virefu vya kaunta wako juu kidogo, kwa hiyo kaunta iwe nyuma ya makochi.

Pool table ndiyo inayodanganya watu. Meza ndogo ya baa ina uwanja wa karibu mita 2 kwa mita 1, na inaonekana itaenea popote. Lakini fimbo ina karibu mita 1.45, na inahitaji nafasi hiyo pande zote nne. Chumba kinatakiwa kiwe na angalau mita 4.9 kwa 3.9 za wazi kwa ajili ya meza peke yake. Kama huna, chagua draft, bao, karata au mishale. Hela inabaki na watu wanacheza.

Sauti: trei za mayai hazisaidii

Morogoro ni mji wa muziki. Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz, alikotamba Mbaraka Mwinshehe kabla ya kuanzisha Super Volcano, zilifanya mji huu uchezwe redioni Afrika Mashariki nzima. Picha za bendi hizo ukutani zinapendeza. Majirani, hata hivyo, hawakualikwa.

Udongo wa upande wa mlimani unazuia sauti bure. Sauti inatoka kwenye mlango, madirisha na dari, ambayo ndiyo sakafu ya walioko juu. Besi ndiyo mbaya zaidi kwa sababu inasafiri ndani ya zege lenyewe.

Trei za mayai zinazobandikwa ukutani hazizuii sauti kutoka. Zinapunguza kidogo mwangwi ndani, na zinashika moto upesi. Kinachosaidia ni uzito na kuziba mianya: mlango mzito wa mbao ngumu wenye mpira pembeni, vioo vinene na mapazia mazito. Spika kubwa isikae moja kwa moja sakafuni wala isifungwe darini. Iweke juu ya mpira mnene. Zulia na makochi ya kitambaa vinaondoa mwangwi, ila vinataka chumba kikavu, na ndipo kazi ya maji inapojilipa.

Malalamiko ya kelele yanaweza kufika serikali ya mtaa au Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), ambalo limewahi kufungia baa na kumbi kwa sababu hiyo. Punguza sauti kuanzia saa nne usiku, na mwachie jirani namba yako akupigie kwanza.

Siku utakapoanza kulipisha

Tangu treni ya SGR ianze safari za Dar es Salaam–Morogoro Juni 2024, wageni wa wikiendi wamepata njia rahisi ya kufika. Ni rahisi mwenye chumba kizuri kushawishika: marafiki wa rafiki wanakuja, wanachangia kreti, mwisho kuna bei ukutani.

Kunywa na wageni wako nyumbani ni jambo binafsi. Kuuza ni biashara. Uuzaji wa pombe unataka leseni chini ya Sheria ya Vileo, inayotolewa kupitia halmashauri, na wenye umri chini ya miaka 18 hawauziwi. Inafuata leseni ya biashara, kodi ya TRA, ukaguzi wa afya na wa zimamoto. Chumba chenye mlango mmoja na nondo madirishani hakitapita ukaguzi huo. Kama una wazo la glosari siku za mbele, sema mapema kwa mchoraji ili njia ya pili ya kutokea iwepo tangu mwanzo.

Ratiba inayoendana na mvua

Mwaka wa Morogoro unakupangia kazi wenyewe:

1. *Machi hadi Mei:* angalia tu. Weka alama ya penseli kila maji yanapotokea, piga picha, fanya kipimo cha nailoni. Safisha au funga gata.
2. *Mei mwishoni:* mhandisi akague ukuta wa mlimani. Peleka michoro halmashauri.
3. *Juni hadi Agosti:* kazi za nje: mtaro, bomba la kokoto, plasta na lami ya ukuta.
4. *Septemba:* sakafu, mabomba ya maji, waya za umeme, madirisha na feni.
5. *Oktoba hadi Desemba:* simamisha kazi za ndani na acha vuli ikupimie. Rudia kipimo cha nailoni.
6. *Januari:* kama ni pakavu, piga rangi, jenga kaunta, leta makochi na skrini.

Ni karibu mwaka mzima, na kwa mtu mwenye hamu ya kuangalia fainali mwezi ujao inaonekana mbali. Lakini hela inatoka kidogo kidogo, na gharama kubwa zinakuja baada ya kujua kama chumba kinafaa. Kama vuli itapita na nailoni bado ina matone upande wa ukuta, umepoteza kokoto na bomba, ambavyo vinaendelea kulinda nyumba hata hivyo. Makochi, mbao za mtiki na spika bado ziko dukani.